UZI: Kijana ana ofa za vyuo vitatu kucheza futiboli ya Kimarekani. Achague kwa vigezo gani?

Mkwezi_Iowa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wazazi na walezi waliopo Marekani ambao kijana wao yuko darasa la kumi na moja au la kumi na mbili, anacheza futiboli ya Kimarekani, makocha wameanza kupiga simu, na nyumbani hakuna mtu aliyekulia kwenye mchezo huu. Soka tunalijua. Huu una taratibu zake, na familia nyingi zinazijua tarehe ikiwa imeshapita.

Tuanze na neno ofa. Kocha akimwambia kijana kwa simu "tunakupa ofa", hapo hakuna aliyefungwa, si chuo wala mtoto. Ofa ya maandishi haitolewi kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili wa masomo, ambao husainiwa mapema Desemba (mwaka 2025 ilikuwa tarehe 3 hadi 5) au kuanzia Jumatano ya kwanza ya Februari. Ile barua ya kitaifa iliyokuwa inaitwa National Letter of Intent ilifutwa Oktoba 2024. Mtu akikushauri kwa kuitegemea barua hiyo, ujue taarifa zake zimepitwa na wakati.

Kwa hiyo kabla hamjalinganisha vyuo, chambueni ofa kwanza. Kijana mwenyewe, si mzazi, amuulize kocha: "Nikikubali leo, nafasi ni yangu?" Jibu la "ndiyo" likija bila kusitasita, hiyo ni ofa. Jibu likiwa "tungependa kwanza tukuone kwenye kambi yetu mwezi wa sita" au "hebu tuone mwenendo wa msimu", hiyo ni orodha ya akiba. Wapo vijana wanaohesabu ofa kumi mtandaoni huku zilizo hai ni mbili. Na barua ya kualikwa kambini kwa kulipia si ofa kabisa. Barua hizo hutumwa kwa mamia.

Pili, ngazi za vyuo. FBS ndiyo ya juu, wale mnaowaona kwenye televisheni kila Jumamosi. FCS inafuata, nayo ni Divisheni ya Kwanza vilevile. Divisheni ya Pili inagawa fedha kidogo: chuo kina thamani ya ufadhili kamili 36 kwa timu nzima ya futiboli, na hukatwakatwa vipande ili wachezaji wengi wapate. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti. Ivy League, kundi la Harvard na wenzake, iko FCS lakini nayo haitoi ufadhili wa michezo, inatoa kwa uhitaji wa familia tu. Ngazi hizo zote ziko chini ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo. Nje yake kuna NAIA, shirika jingine, na kuna vyuo vya miaka miwili.

Ngazi ya juu haimaanishi chuo bora kwa kijana huyu. Cooper Kupp alitokea Eastern Washington, chuo cha FCS. Adam Thielen alitokea Minnesota State ya Mankato, Divisheni ya Pili. Quinn Meinerz alitokea Wisconsin-Whitewater, Divisheni ya Tatu, akachaguliwa raundi ya tatu na NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2021. Wasaka vipaji wa NFL wanafika kote. Wasichokiona ni benchi.

Karibuni mchangie.

SafuYaMbele

Mkuu Mkwezi, umefungua vizuri. Naingia kwenye namba, maana hapo ndipo vijana wanapoumia.

Kabla ya ziara yoyote, fungua ukurasa wa kikosi kwenye tovuti ya timu. Unaonyesha jina, nafasi, kimo, uzito, mwaka wa masomo na chuo au shule alikotoka kila mchezaji. Chukua karatasi, andika wote wanaocheza nafasi ya kijana wako, wapange kwa mwaka. Tuseme anacheza safu ya mbele ya kumlinda kwotabeki, yule mrusha mpira. Hao wanaocheza kwa pamoja ni watano, lakini timu hubeba kumi na tano na ushee. Ukikuta wa mwaka wa kwanza na wa pili wamejaa tisa, mwanao ataanza kuona uwanja mwaka wa tatu. Ukikuta sita wanamaliza mwaka huu, pana nafasi.

Halafu tazama safu ya shule walikotoka. Wangapi kati yao wamehamia kutoka vyuo vingine badala ya kutoka sekondari? Fanya hivyo kwa misimu miwili iliyopita. Kocha anaweza kusema anajenga timu kwa vijana wa sekondari, lakini kama kila Januari analeta watu wazima wa miaka 22 katika nafasi ileile, kikosi kimeshakujibu. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama kila mwaka na kucheza papo hapo mradi masomo yake yako sawa, kwa hiyo makocha wengi wamepunguza idadi ya wanaowachukua sekondari.

Jambo jingine ni ukomo wa kikosi. Baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House (wachezaji walioishtaki NCAA wakidai malipo) tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo haviwekewi tena kikomo cha ufadhili 85 cha FBS, bali kikosi kizima kisizidi watu 105 kufikia mechi ya kwanza. Awali timu nyingi zilikuwa na 120 na zaidi kwa sababu ya wachezaji wasiolipiwa, wanaoitwa woki-oni. Sasa hao ndio wa kwanza kupunguzwa. Kijana akipewa nafasi ya woki-oni "anayependelewa", aulize kwa maneno haya: "Je, mmenihesabu ndani ya 105?" Anaweza kutoka jasho kambini Agosti nzima kisha akaambiwa nafasi imejaa siku chache kabla ya mechi, na ada ya muhula ameshalipa.

Nyota_ya_Dallas

Lakini kaka, woki-oni wa chuo kikubwa si bado ana jina? Akiwa na bidii si wanampa ufadhili mwaka wa pili?

SafuYaMbele

Hutokea, dada, ila usipangie bajeti ya nyumba jambo la "hutokea". Ahadi ya "utapata mwaka wa pili" iandikwe. Wakikataa kuiandika, hesabu kwamba haipo.

DadaMhasibu

Hapo kwenye bajeti naomba nishike mimi, maana ndipo watu wanapodanganywa na neno "ufadhili".

Usilinganishe ukubwa wa ufadhili. Linganisha kiasi kitakachotoka mfukoni mwako. Omba kila chuo kikupe kwa maandishi gharama nzima ya mwaka: ada, chumba, chakula, vitabu, usafiri. Kisha toa kila kinachotolewa bure. Huu ni mfano wa kukokotoa tu, weka namba zako:

Chuo cha Divisheni ya Pili: gharama $32,000. Ufadhili wa michezo $9,000, ufadhili wa alama za darasani $8,000, Pell Grant, yaani msaada wa serikali kuu usiorudishwa, $7,395 (hicho ndicho kiwango cha juu cha mwaka 2025-26, kwa familia ya kipato kidogo). Linabaki $7,605.

Chuo kikubwa cha jimbo, kama woki-oni: gharama $28,000. Ufadhili wa alama $3,000, Pell $7,395. Linabaki $17,605.

Tofauti ni $10,000 kwa mwaka, na huyo wa pili hajahakikishiwa hata jezi. Jamii itapiga makofi kwa chuo kikubwa, lakini mkopo utakuwa wa kijana.

Mambo ambayo watu huyakosa:

Ufadhili wa michezo na wa alama mara nyingi huweza kuunganishwa. Ndiyo maana kocha wa Divisheni ya Pili anampenda mtoto mwenye wastani wa alama wa 3.6 kati ya 4, kwani anamgharimu kidogo kwenye mfuko wake. Alama za darasani ni fedha hapa.

Uliza mkataba ni wa mwaka mmojammoja au wa miaka minne. Kama ni wa mwaka, chuo kinatakiwa kikujulishe kwa maandishi kufikia tarehe 1 Julai kama kinaendelea, kinapunguza au kinakata, na kijana ana haki ya kukata rufaa. Divisheni ya Kwanza, tangu Agosti 2024, haitakiwi kukata ufadhili kwa sababu ya kiwango cha uwanjani au jeraha. Ngazi za chini, soma mkataba wenyewe mstari kwa mstari.

Usiifute Ivy kwa kuwa "haitoi skolashipu". Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, familia yenye kipato cha $100,000 au pungufu na mali za kawaida hailipi ada, chumba wala chakula. Familia nyingi tunazozijua ziko humo. Kwa kijana mwenye alama za juu, hiyo inaweza kuwa nafuu kuliko ufadhili nusu wa chuo kingine, na haipotei akivunjika goti, kwa sababu haikutolewa kwa ajili ya mpira. Makocha wa Ivy huomba karatasi za matokeo kiangazi cha kabla ya darasa la kumi na mbili ili ofisi ya udahili izipitie kwanza. Muombeni ofisi ya fedha nayo ifanye makadirio wakati huohuo.

Na kodi: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula inahesabiwa kama kipato. Ada na vitabu vya lazima havihesabiwi.

MamaKigoma

Asanteni sana wanangu. Naomba kuuliza. Mtoto aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa mkubwa, akaingizwa darasa la tisa, Kiingereza akajifunzia hapahapa. Kocha wa sekondari anasema ana mwili na mbio, vyuo vitamtaka. Masomo yake yatakubalika?

Mwalimu_Columbus

Shikamoo mama. Swali lako ni zito kuliko yote humu, kwa sababu kijana mwenye ofa nzuri huzuiwa hapa, na huzuiwa akiwa ameshafanya sherehe ya kusaini.

NCAA ina ofisi yake ya kukagua, Eligibility Center. Haitazami cheti cha kumaliza sekondari peke yake. Kwa Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati 3 kuanzia Algebra I, sayansi 2, jamii 2, mwaka mmoja wa ziada wa Kiingereza, hisabati au sayansi, na mengine manne ikiwemo lugha za kigeni. Wastani wa masomo hayo tu uwe 2.3 na zaidi. Divisheni ya Pili ni 2.2. SAT na ACT hazihitajiki tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuzitaka.

Mtego uko kwenye namba mbili: kumi, na saba. Kumi kati ya 16 yawe yamekamilika kabla muhula wa saba haujaanza, yaani kabla ya kuingia darasa la kumi na mbili, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Muhula wa saba ukishaanza, kwa Divisheni ya Kwanza alama za hayo kumi zinafungwa, huwezi kurudia ili kuzipandisha. Mtoto aliyetumia darasa la tisa na la kumi kwenye madarasa ya kujifunzia Kiingereza anafika la kumi na mbili ana masomo sita. Hapo kucheza mechi za Divisheni ya Kwanza kumeshafungwa kwa mwaka wa kwanza, hata akimbie kama swala.

Cha kufanya, mama: nenda kwa mshauri wa masomo wa shule, mwombe namba ya shule ya tarakimu sita. Kwa namba hiyo utaiona kwenye tovuti ya Eligibility Center orodha ya masomo ya shule hiyo yanayotambuliwa. Ulinganishe na ratiba ya mtoto jina kwa jina. Darasa la Kiingereza kwa wageni linahesabiwa pale tu lilipo kwenye orodha hiyo. Hisabati ya chini ya Algebra I haihesabiwi hata apate A.

Tena, saa huanza kuhesabu tangu alipoanza darasa la tisa kwa mara ya kwanza, popote duniani. Kama alisoma kidato cha kwanza huko nyumbani, ofisi itataka karatasi hizo kwa lugha ya asili pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Msizifiche mkidhani zinamharibia. Mgongano wa tarehe ndio unaoleta uchunguzi. Anzeni kuzitafuta akiwa darasa la tisa au la kumi, kwa sababu zinachelewa. Ada ya kujiandikisha inaweza kusamehewa kwa familia ya kipato kidogo, mshauri wa shule ndiye anayethibitisha.

Na akikosa vigezo, chuo cha miaka miwili si aibu. Pale hujenga alama, hucheza, kisha huhama. Ila achague chenye orodha ndefu ya waliohitimu na kuhamia vyuo vya miaka minne, si chenye video nzuri tu.

MamaKigoma

Marahaba mwanangu. Kesho naenda shuleni.

Tabibu_Louisville

Naongezea la afya ambalo watu wa kwetu hatutakiwi kuliruka: selimundu.

Divisheni ya Kwanza inataka kila mchezaji athibitishe kama amebeba chembe ya selimundu, yaani amerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, tangu 2010. Kanuni hiyo ilikuja baada ya kifo cha Dale Lloyd II wa Rice University, mwaka 2006, aliyeanguka mazoezini. Kubeba chembe si kuumwa selimundu, na hakumzuii mtu kucheza. Hatari iko kwenye mazoezi makali mfululizo bila kupumzika, hasa siku za kwanza za kambi, kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji, au mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari. Seli hubadilika umbo, misuli hukosa damu. Na dalili hazianzi kama mkazo wa misuli wa kawaida. Misuli haikazi kama jiwe, inaishiwa nguvu tu, na mchezaji huenda chini akiwa bado anaongea.

Kwa asili ya wengi wetu, Kongo, ukanda wa ziwa, pwani, chembe hii ni ya kawaida. Mpimeni mtoto kabla ya ziara za vyuo, halafu jibu la chuo liwe kigezo cha kuchagua. Muulize mtaalamu wa tiba wa timu, si kocha: "Mchezaji aliyebeba chembe anaongezewa mazoezi kwa hatua gani? Anaruhusiwa kupumzika kati ya mbio? Anasamehewa jaribio la mbio za kupimwa kwa saa siku ya kwanza? Nani ana mamlaka ya kusimamisha zoezi?" Jibu zuri linakuwa na utaratibu ulioandikwa. Jibu la "usijali, tutamwangalia" halitoshi. Chuo cha Wyoming wanacheza mji wa Laramie, futi 7,220 juu ya usawa wa bahari. Kijana aliyebeba chembe anaweza kwenda huko, lakini anahitaji siku za kuzoea hali ya hewa na watu wanaojua wanachokifanya.

Papohapo uliza bima. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Ngazi nyingine hutegemea bima ya mzazi kwanza.

Mkwezi_Iowa

Hapo umenena daktari.

Niseme kuhusu ziara. Ziara rasmi za Divisheni ya Kwanza zinaanza tarehe 1 Aprili ya darasa la kumi na moja, ni kulala siku mbili tu, chuo kinalipa usafiri, malazi na chakula, pamoja na wanafamilia wawili. Ukomo wa ziara tano ulifutwa 2023, lakini ni moja kwa kila chuo. Mzazi aende. Siku ya kwanza utaonyeshwa chumba cha kubadilishia nguo chenye taa na jezi yenye jina la mwanao. Mwache apige picha, kisha ombeni mambo matatu: kukaa na mshauri wa masomo dakika thelathini, kuona ratiba halisi ya mchezaji wa nafasi yake kwa wiki ya Oktoba, na kijana kuzungumza na wachezaji wa mwaka wa tatu bila kocha. Awaulize wangapi walioingia nao bado wapo. Na kama anataka uuguzi au uhandisi, aulize kama kuna mchezaji hata mmoja anayesoma fani hiyo sasa. Maabara za mchana zinagongana na mazoezi, na vijana husukumwa kimyakimya kwenye fani nyepesi.

Chuga_Boy

Na hela za NIL wakuu, zile za mchezaji kulipwa kwa jina na sura yake? Kuna dogo kaambiwa atapewa gari.

DadaMhasibu

Kuna mifuko miwili, usiichanganye. Tangu 1 Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji, kikomo $20.5 milioni kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza. Mfuko wa pili ni kampuni za nje, na mkataba wa $600 au zaidi unapaswa kupelekwa kukaguliwa. Ahadi za mdomo hazina mfuko. Hata ya maandishi huvunjwa: mchezaji Jaden Rashada alisaini na Florida Desemba 2022 akiwa na mkataba wa $13.85 milioni uliovunjwa kabla hajalipwa. Akaachiliwa Januari 2023, akaenda Arizona State, na Mei 2024 akafungua kesi.

Kabla ya kusaini angalia: muda, nani anaweza kuuvunja, na je, kijana atarudisha fedha akihama? Usikubali kipengele kinachogusa kipato cha baadaye. Mwaka 2022 Gervon Dexter, naye akiwa Florida, alipokea $436,485 na kusaini kutoa asilimia 15 ya kipato chake cha NFL kwa miaka 25. Mwaka uliofuata alikwenda mahakamani kuupinga. Mlipe mwanasheria asome kurasa zote, atakutoza saa chache tu.

Kodi haikatwi mapema. Fedha hizi ni kama za biashara binafsi, kwa hiyo kuna asilimia 15.3 ya kujiajiri juu ya kodi ya kawaida, inayolipwa mara nne kwa mwaka. Weka theluthi kando siku hela inapoingia. Hata gari analopewa bure lina thamani ya kutozwa kodi.

Na aliyeko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 asisaini lolote bila mwanasheria wa uhamiaji. Viza hiyo inabana kazi, na kosa hapo linagusa haki ya kubaki nchini. Mwenye grini kadi hana kizuizi hicho.

SafuYaMbele

Kuhusu grini kadi, vyuo vya jeshi, yaani Army, Navy na Air Force, vinacheza FBS na masomo ni bure, lakini vinataka uraia wa Marekani na utumishi jeshini baada ya kuhitimu. Makocha wao huwapenda vijana wetu kwa nidhamu, halafu suala la uraia linajitokeza mwishoni. Lisemwe simu ya kwanza.

Nyota_ya_Dallas

Swali la mwisho kwangu. Kocha mkuu akifukuzwa baada ya kijana kukubali?

Mwalimu_Columbus

Inatokea sana, na mbaya zaidi ni kwamba hufukuzwa mwisho wa Novemba, siku chache kabla ya kusaini. Kama hajasaini, asubiri Februari bila aibu, awapigie simu chuo cha pili na cha tatu wiki hiyohiyo. Kama ameshasaini, mkataba ni wa chuo, si wa kocha, fedha zinabaki palepale. Ila kocha mpya anaweza kuwa na mfumo ambao hauna kazi kwa nafasi yake, kwa mfano timu inayoacha kutumia mbeba mpira mzito. Ajue pia kuwa dirisha la uhamisho la Aprili limefutwa, limebaki moja la Januari (2026 lilikuwa tarehe 2 hadi 16), pamoja na siku 15 zinazofunguliwa timu inapopata kocha mkuu mpya. Na anayejiandikisha kuhama anaweza kukatiwa ufadhili muhula ukiisha, hata kama hakuna chuo kilichomtaka.

Kwa sababu hiyo msifunge milango kwa ufidhuli. Kijana akishachagua, awapigie simu makocha wa vyuo vingine kabla hajatangaza mtandaoni. Maneno mawili matatu yanatosha: "Kocha, nashukuru kwa ofa na kwa muda wako na familia yangu. Nimechagua kwenda kwingine. Nilitaka uisikie kutoka kwangu." Asiombe radhi, asitoe sababu ndefu, na ahifadhi namba zao.